Mzee anataka kuzamia

Dar es Salaam neno "kuzamia" halina heshima. Mzamiaji ni kijana wa bandarini anayejificha ndani ya meli ya mizigo akiomba Mungu aibukie Durban au Ugiriki. Anayeingia harusini bila kadi naye kazamia. Kwa hiyo binti wa mteja wetu aliponipigia simu Februari 2025 akasema, "Dada, Baba anataka kuzamia, tena analipa mwenyewe," nilicheka. Yeye hakucheka.

Mteja nitamwita Mzee, basi. Ana miaka 59, malori yanayopakia bandarini na kwenda Tunduma hadi Zambia na Kongo, duka la vipuri Gerezani na nyumba Mbezi Beach. Ofisi yetu ya udalali wa bima, hapo Posta, imemkatia bima za malori na ghala kwa miaka mingi, pamoja na bima yake ya maisha. Ameniruhusu nikiandike kisa chake kwa sharti la kutotaja jina lake wala la kampuni iliyomwalika, na nimegeuza mambo mawili matatu ili jirani asimtambue.

Alichokuja nacho

Alikuja na kijitabu cha karatasi nzito za kung'aa alicholetewa na rafiki yake wa biashara wa Dubai. Safari ya siku nane kwenye Atlantiki: meli kubwa ya kuwabeba, kisha chombo kidogo cha watu watano cha kushuka zaidi ya mita 3,000 kwenda kuangalia chemchemi za moto kwenye sakafu ya bahari. Bei ilikuwa chini kidogo ya zile dola 250,000 ambazo kampuni ya OceanGate ilitoza kwa kiti kimoja kwenda kuyaona mabaki ya meli ya Titanic mwaka 2023, yaani karibu shilingi milioni 600 kwa thamani ya fedha ya mwaka ule. Mzee alitaka viti viwili, kimoja chake na kingine cha mwanawe wa mwisho, mwanafunzi wa mwaka wa pili chuoni. Kianzio alikuwa ameshatuma.

Kwetu alitaka jambo moja. "Mwanangu, sijaja kuomba ruhusa. Nataka kujua tu, nikibakia huko chini, watoto watalipwa?"

Nilimwuliza kinachompeleka. Nilitegemea habari za sifa na picha za kuwatumia marafiki. Akajibu hivi: "Miaka thelathini nawabebea watu mizigo. Wageni wanakuja wanapanda Kilimanjaro, vijana wetu wanawabebea mabegi mpaka vyungu. Wanakwenda Serengeti, sisi ndio madereva. Wanakwenda Mafia kuogelea na potwe, sisi tumeshika usukani wa boti. Kila mahali sisi ndio tunaopeleka. Safari hii na mimi nipelekwe."

Hapo sikuwa na la kusema, na mpaka leo naona ndiyo sababu nzuri kuliko zote nilizosikia kwa matajiri wa aina hii.

Ukurasa alioukunja pembe ulikuwa na picha ya chemchemi zenyewe, na ni picha inayomshika mtu. Maji yanabubujika kutoka kwenye miamba yakiwa na joto linaloweza kupita nyuzi 350 za Selsiasi, na hayachemki, kwa kuwa uzito wa bahari iliyo juu yake hauyaruhusu kugeuka mvuke. Mpaka mwaka 1977, wanasayansi waliposhuka na chombo kiitwacho Alvin karibu na visiwa vya Galápagos, hakuna aliyekuwa amewaona viumbe wanaoishi mahali hapo bila kutegemea mwanga wa jua. Bakteria wanajilisha kwa kemikali za maji hayo, na wengine wote wanaishi kwa mgongo wa bakteria. Upande wa Atlantiki kuna kamba wanaojazana kwenye miamba ile kama nzige shambani. Mzee aliuliza kama wanaliwa.

Nilimkumbusha kwamba hata sisi tuna vilindi. Mkondo wa Unguja ni wa kina kifupi, lakini ukienda upande wa Pemba sakafu inaporomoka mamia ya mita, na kuanzia 2003 wavuvi wa Songo Mnara, kisha wa Tanga, wamenasa kwenye jarife silikanti, samaki ambaye wataalamu waliamini alikufa pamoja na madinosaria mpaka alipopatikana mmoja Afrika Kusini mwaka 1938. Mzee akasema wavuvi wale walikuwa kazini. Yeye anataka matembezi.

Tulipokosea

Mimi nililichukua jambo lake kama suala la bei. Bima ya maisha kwa kawaida ina orodha ya shughuli za hatari ambazo hailipi, na mara nyingi mteja akijaza fomu ya maelezo na kuongeza ada, kampuni inakubali. Nikajaza fomu, nikaipeleka kwa kampuni ya bima, nao wakaipeleka kwa kampuni ya bima mtawanyo, yaani ile inayozikatia bima kampuni za bima, nje ya nchi, maana kiasi chenyewe kilikuwa kikubwa mno kubebwa na mmoja. Ziliisha wiki mbili. Mzee ananiandikia WhatsApp kila asubuhi baada ya swala: "Vipi?"

Jibu lilipokuja halikuwa na bei. Lilikuwa swali: chombo kimepewa daraja na taasisi gani, na kwa kina cha mita ngapi?

Sikujua hata wanachouliza. Nilipanda pantoni hadi Kigamboni kumwona mhandisi wa meli mstaafu ninayemfahamu, nikamkuta anapalilia bamia. Alianza kwa kuniambia niutoe mkono wangu. Kila mita kumi unazoshuka, alisema, unaongezewa uzito sawa na wa hewa yote iliyo juu ya mkono huo. Ukifika ilipo Titanic, mita 3,800 hivi, eneo dogo kama ukucha huu wa kidole gumba linabeba karibu kilo 390. "Panga magunia manne ya mahindi, ya kilo mia mia, juu ya ukucha wako. Kisha panga hivyo kwenye kila ukucha mpaka uumalize mwili mzima wa chombo. Bado unataka kujua bei?"

Akaeleza kuhusu daraja. Taasisi kama Lloyd's Register, DNV na ABS kazi yao ni kukagua mchoro, malighafi, maungio na majaribio kabla chombo hakijabeba mtu, kisha kurudi kukikagua kila baada ya muda. Wanalipwa na mwenye chombo, ndiyo, lakini sahihi ileile inategemewa na meli za dunia nzima, kwa hiyo hawaitoi ovyo. Na akasema jambo ambalo mimi, kama wengi wetu, nililiona kichwa chini miguu juu: kina peke yake si hatari kubwa kiasi hicho. Mwaka 1960 Jacques Piccard na Don Walsh walishuka na chombo kiitwacho Trieste karibu mita 10,900 katika Challenger Deep, kilindi kirefu kuliko vyote baharini, huko Pasifiki, wakarudi salama siku hiyohiyo.

Nikaandika barua yenye maswali matatu kwa kampuni iliyomwalika Mzee. Nani nje ya kampuni amekipima chombo, na kwa kina gani? Kikikwama chini, nani anakuja, na atafika baada ya saa ngapi? Na mteja wangu kisheria ni nani ndani ya chombo hicho?

Walijibu kwa adabu sana, kurasa nne. Swali la kwanza: cheti "kiko mbioni". La pili: timu yao ina uzoefu wa miongo mingi. La tatu ndilo lililonifanya niweke kikombe mezani. Mzee hangekuwa abiria, angekuwa "mshiriki wa utafiti".

"Semeni sisi ni ndugu"

Aliyewahi kupanda gari dogo la kuokoteza watu Kimara kwenda Morogoro anaujua mchezo huu. Gari halina kibali cha abiria. Mkikaribia trafiki dereva anapunguza redio: "Jamani, mkiulizwa, semeni sisi ni ndugu, tunakwenda msibani." Wote mmelipa, hakuna anayemjua mwenzake, lakini kwa dakika tano mnakuwa ukoo mmoja. Mpaka hapo ni kichekesho. Siku gari likipinduka Mikese, ndipo mnapogundua kwamba hata bima inawatambua kama ndugu.

OceanGate waliwaita wateja wao "wataalamu wa msafara". Sheria za Marekani zina masharti mazito kwa chombo kinachobeba abiria wa kulipa, na jina hilo liliwasaidia kuyakwepa. Watu watano waliokufa ndani ya chombo chao, Titan, kilipopondwa na uzito wa maji kikishuka kwenye Titanic tarehe 18 Juni 2023 walikuwa Stockton Rush, mkuu wa kampuni na rubani. Paul-Henri Nargeolet, Mfaransa aliyekuwa ameishukia Titanic mara 37. Hamish Harding, mfanyabiashara wa Uingereza. Na Shahzada Dawood pamoja na mwanawe Suleman, wa miaka 19. Sijui mtu anahitaji ujasiri gani kumwita kijana yule mtaalamu wa msafara.

Mzee na hoja zake

Mzee si mjinga, na yeyote anayesoma kisa hiki akidhani ni cha mtu mwenye fedha kuliko akili ameanza vibaya. Alikuwa ameisoma habari ya Titan kuliko mimi. Alikuja ofisini na hoja zilizopangwa.

Kwanza, Titan ilikuwa ya kaboni, hii ni ya titani, metali nyepesi na imara. Hapa alikuwa na nusu ya haki. Mwili wa Titan ulikuwa bomba la nyuzi za kaboni zilizogandishwa tabaka juu ya tabaka, unene wa sentimita 12 na ushee, na pete za titani ziligundishwa kwenye ncha zake, ndipo vifuniko vya titani vikafungwa kwenye pete hizo. Wenye fani hiyo hupenda tufe la chuma kizito au titani, kwa sababu tufe linagawa uzito sawasawa pande zote, na tabia ya chuma inajulikana. Nilimfananishia na plaiwudi: ikianza kuachana tabaka kwa ndani, kwa nje unaiona nzima. Lakini titani bila mkaguzi ni titani ya kwenye kijitabu.

Pili, hata wakubwa wanakwenda. Hii ndiyo hoja niliyofurahi kuijibu. Hamish Harding huyohuyo alishuka Challenger Deep mwaka 2021, kina kinachokaribia mara tatu ya kile cha Titanic, akarudi salama. Mwaka 2022 akaenda anga za juu akarudi. Chombo cha 2021 kilikuwa cha Victor Vescovo, Mmarekani mpelelezi wa vilindi, tufe la titani la unene wa milimita 90, na kilikuwa na daraja la DNV. Chombo cha 2023 hakikuwa na daraja lolote, na wenyewe walitangaza mapema, mwaka 2019, kwa nini hawalitaki: waliona ukaguzi unachelewesha ubunifu. Mtu mmoja, vyombo viwili, tofauti ni karatasi ya mkaguzi.

Tatu, na hii aliisema akigonga meza: "Mwenye kampuni mwenyewe ndiye anayeendesha! Mtu atajiua?"

Hoja hii ina nguvu pwani. Nahodha akipanda na mwanawe, abiria wanapanda. Lakini Rush naye alikuwa ndani. Kuwamo kwake kulithibitisha kwamba anakiamini chombo chake, na imani ya mtu haishiki maji. Mwaka 2018 mkuu wake wa shughuli za baharini, David Lochridge, aliandika ripoti kwamba ganda halikupimwa ipasavyo na kwamba dirisha lilithibitishwa kwa mita 1,300 tu. Akafukuzwa kazi. Mwezi Machi mwaka huohuo wataalamu wa nje wakaandika barua ya onyo. Ganda la kwanza likapata ufa mwaka 2019, wakatengeneza la pili. Julai 2022, Titan ikipanda kutoka kwenye Titanic, watu wa ndani wakasikia kishindo, na vipimo vilivyobandikwa kwenye ganda vikabadilika tabia kuanzia siku ile. Chombo kikaendelea na kazi. Baadaye kikaachwa nje msimu mzima wa baridi huko St. John's, Canada, mahali ambapo maji yanaganda.

Nilipofika kwenye kishindo, Mzee aliinua mkono.

"Ngoja. Walisikia mlio, wakashuka tena?"

"Walishuka tena, Mzee."

Alinyamaza kidogo. "Dereva wangu akisikia mlio kwenye breki pale Kitonga na asisimame, hata akifika salama Iringa namfukuza. Hasa akifika salama, maana kesho atarudia."

Nilidhani tumemaliza. Alikunja kijitabu, akakitia kwenye mfuko wa kanzu, akasema hawa wa kwake si wale.

Kijana

Siku ile kijana naye alikuwepo. Alinisalimia, "Shikamoo anti," akakaa pembeni na simu yake. Mzee alipotoka koridoni kumpigia mtu wa mpakani, nilimwuliza yeye anaionaje safari.

"Ni sawa tu, anti."

"Sawa kwa nani?"

Akacheka kidogo, akaangalia mlango. "Baba ameshawaambia watu wote msikitini. Mimi nitaanzaje kukataa?"

Kuhusu Suleman Dawood, mama yake amesimulia kwamba kiti kilikuwa chake yeye, akamwachia mwanawe kwa kuwa kijana alitaka sana kwenda. Naamini. Lakini wetu hakutaka, na kwenye fomu zote nilizojaza, tangu ya bima hadi ile ya kampuni ya safari iliyotaja kifo mara kadhaa, hakukuwa na kisanduku cha kuandika hivyo. Ana umri wa mtu mzima, sahihi yake inatosha. Mtoto wa Kiswahili anaweka sahihi huku baba amesimama nyuma ya kiti.

Sikumwambia Mzee. Nilimwambia dada wa kijana, ambaye ni mwanasheria na anamjua baba yao.

Tarehe 27 Machi, siku za mwisho za Ramadhani, nyambizi ya kitalii ilizama Hurghada, Misri, kwenye Bahari ya Shamu. Ni zile zinazoshuka mita ishirini na ushee kuonyesha watu matumbawe. Watalii sita wakafa. Mzee akapiga simu kabla ya futari. "Umeona? Ile wala si kina. Ule ni uzembe." Nikamwambia hilo ndilo ninalolisema tangu Februari. Akasema tutaongea baada ya Idi.

Swali la pili

Swali letu la nani atakuja chombo kikikwama halikupata jibu, na labda ndivyo linavyopaswa kuwa. Titan ilitafutwa siku nne, na ndege na meli za Marekani na Canada, na Wafaransa wakaleta meli yenye roboti ya vilindini. Vyumba vya habari vilikuwa vinahesabu saa za hewa iliyobaki. Tarehe 22 Juni roboti nyingine ikakuta vipande, kama mita 500 kutoka kwenye omo ya Titanic. Watu wale walikuwa wamekufa papo hapo siku ya kwanza, kwa kasi ambayo mwili hauwahi kusikia maumivu.

Siku nne kabla yao, tarehe 14 Juni, boti ya wahamiaji iitwayo Adriana ilizama nje ya Pylos, Ugiriki. Inakadiriwa ilibeba hadi watu 750, na waliookolewa ni 104. Hao ndio wazamiaji kwa maana ya Dar es Salaam. Nani alihesabiwa saa zake za hewa, sote tulishuhudia kwenye televisheni.

Ilivyoishia

Natamani niseme barua yangu ndiyo iliyomzuia. Baada ya Idi, dada mtu alimweleza baba yao kwamba mitihani ya mdogo wake inaangukia wiki ileile ya safari. Sikuuliza kama ni kweli. Mzee aliwaza siku mbili, akasema elimu kwanza, na msikitini akawaambia hivyohivyo, hakuna aliyemcheka. Kiti chake mwenyewe kilikuwa bado kipo. Mwezi Mei akakifuta nacho. Nilipomwuliza, alisema, "Nikishuka peke yangu, nani atakuja kuwasimulia wajukuu? Mimi nitasema, wao watasema babu anaongeza chumvi." Kumbe kiti cha pili ndicho kilichokuwa safari yenyewe, nami miezi yote nilikuwa napimia kile cha kwanza.

Kianzio hakikurudi. Kampuni ya bima mtawanyo haikutoa bei hata mara moja. Dada mtu, kwa kuwa mafaili yalikuwa yameshafunguliwa, aligundua kwamba hundi zote za kampuni ya baba yao zinasainiwa na mtu mmoja tu. Hilo wamelirekebisha. Sisi tumeongeza kwenye fomu yetu ya shughuli za hatari mistari miwili: jina la aliyekikagua chombo, na mazungumzo ya faragha na kila msafiri, mmoja mmoja, bila aliyemlipia.

Agosti 2025 Walinzi wa Pwani wa Marekani walitoa ripoti yao: maafa ya Titan yangeweza kuzuilika. Nilimtumia Mzee muhtasari. Alinijibu kwa sauti, kelele za Gerezani zikiwa nyuma, akisema amesoma, ahsante, na je, bima ya lile lori jipya imetoka?

Mwezi huohuo kifurushi kilimfikia kutoka ng'ambo, kwa kuwa walisahau kumwondoa kwenye orodha yao. Ndani mlikuwa na koti la buluu la baridi, jina lake limedariziwa kifuani, na chini yake kwa Kiingereza: mshiriki wa utafiti. Analivaa asubuhi kwenye kahawa, Agosti kukiwa na kijibaridi cha kusingizia. Kijana mmoja wa vipuri alimwuliza alikuwa anafanya utafiti gani.

"Nilikuwa nawatafiti wao," Mzee akasema, akaomba kashata.